Masomo ya Ng'ambo na Ufundi wa Mikono

Wazazi wa Birere wajua vema namna fedha ya shule inavyopatikana. Mama huamka kabla ya jua, hujitwika mzigo, huvuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, hurudi jioni na faida ndogo. Volkano ya Nyiragongo ilipoteketeza sehemu ya mji mwaka 2002, watu walijenga upya juu ya mawe meusi. Fedha ya watu kama hao si ya kuchezea. Basi kijana amalizapo sekondari na kusema, "Baba, nataka kwenda ng'ambo kusoma bioteknolojia," mzazi ana haki ya kuuliza: Hiyo ni kazi gani, nayo itamlisha nani?

Ni ufundi wa kutumia vitu vyenye uhai kwa faida ya watu: kutambua virusi, kutengeneza chanjo, kuotesha miche safi ya migomba. Jina lake latisha, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mikono, kama useremala. Mwanafunzi hufundishwa kushika pipeti, chombo cha kunyonyea tone lisilozidi kichwa cha pini. Akisahau kubadili ncha yake, chembe za damu ya mgonjwa huingia katika damu ya mzima, na mtu asiye na ugonjwa huandikwa kuwa anao. Sisi walimu twaupenda sana ubao, lakini jambo hili halifundishiki ubaoni. Mtu hulikosea mara nyingi mbele ya fundi wake, hata mkono utulie.

Daktari Jean-Jacques Muyembe, mwana wa Kongo aliyesoma katika shule za Wajesuiti, alikwenda Leuven, Ubelgiji, kujifunza elimu ya virusi, akahitimu udaktari wa elimu hiyo mwaka 1973. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kwenye hospitali ya misheni ya Kikatoliki, ambako ugonjwa usiojulikana ulikuwa ukiwaua wagonjwa, wauguzi na masista. Akatoa damu bila glavu, ikamtiririkia vidoleni. Akanawa kwa sabuni na maji, asiugue. Lakini damu ya wagonjwa ilibidi ipelekwe Antwerp, katika chupa ya chai, ndani ya ndege ya abiria! Mmoja wa walioifungua, Peter Piot, alikuwa kijana wa miaka 27 aliyekuwa akijifunza kazi ya maabara. Wakakuta kichupa kimoja kimevunjika, damu imechanganyika na maji ya barafu. Ikapelekwa mbele hata Marekani, ndipo ikajulikana kuwa ni virusi vipya, vikaitwa Ebola.

Linganisheni na Goma. Tarehe 14 Julai 2019 mchungaji mmoja aliingia mjini kutoka Butembo akiwa mgonjwa. Siku ile ile jibu la kipimo lilitoka: Ebola. Mara waliokutana naye wakatafutwa na kuchanjwa. Fikirini kama jibu lingalingojwa kutoka Ulaya, na vichochoro vya Birere vilivyosongamana! Watu wachache tu ndio waliothibitika kuugua mjini.

Wakati huo huo dawa za Ebola zilikuwa zikijaribiwa Kivu Kaskazini, tangu Novemba 2018. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo alikuwamo Muyembe, na pamoja naye Daktari Sabue Mulangu, Mkongo aliyefanya utafiti katika maabara za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Dawa moja iliyofaulu ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujatuma fedha, andika barua chuoni. Mwanangu ataingia maabara saa ngapi kwa juma? Wanafunzi wangapi hutumia mashine moja? Atafanya kazi miezi mingapi hospitalini au kiwandani kabla ya kupewa cheti? Wakikujibu kwa picha za majengo tu, itunze fedha yako. Cheti chaweza kuwa na muhuri mzuri, na mwenye nacho asiwe amegusa kitu. Wala si lazima Ulaya. Hata Kampala na Nairobi kuna maabara ambamo vijana wa nchi jirani wamejifunza kazi.

Kijana naye ajue yanayomngoja nyumbani. Muyembe aliporudi kutoka Leuven hakukuta vyombo alivyovizoea, akageukia kazi ya kufuata magonjwa vijijini. Na mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na umeme kukatika, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza hofu yake juu ya maabara ya INRB mjini humo, kwa kuwa ndani yake zilihifadhiwa sampuli za virusi, hata vya Ebola. Basi katika barua ile ya chuoni liongezwe na swali hili: Je, mwanangu atafundishwa kufanya kazi siku ambayo umeme haupo?