Homa ya Ini C: Kinga ya Mwili Inapochoshwa Kimyakimya



Damu yote inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa Virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Hutokea mchangiaji anayejiona mzima kabisa akaambiwa kwamba kipimo cha C kimeonesha alama. Hapo hofu huingia nyumbani, na pengine ndugu huyo hutengewa kikombe na sahani. Hofu hiyo haina msingi, nasi tunaona yafaa kueleza kinachotendeka mwilini.

Kirusi cha homa ya ini C, kilichotambuliwa mwaka 1989, hujificha katika seli za ini. Kwa kawaida seli iliyovamiwa hupiga yowe: hutoa kemikali iitwayo interferoni ili jirani zake wajihami. Kirusi hiki kina kimeng'enya kinachokata mnyororo wa taarifa, na yowe hilo hukatika kooni. Tena huzaliana kwa wingi wa ajabu, hadi virusi trilioni moja kwa siku, na kwa kuwa hunakili vinasaba vyake bila kusahihisha makosa, sura yake hubadilika daima. Kingamwili zilizotengenezwa kwa sura ya jana hazikitambui leo. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kutokuwapo chanjo ya C hadi sasa. Ile wanayopewa watoto wetu kliniki ni ya B.

Hata hivyo, watu wapatao 30 kati ya 100 hukishinda wenyewe ndani ya miezi sita. Kwa waliobaki, mzigo huzielemea seli T, askari wanaoua seli zilizoambukizwa. Wakulima wa mpunga wa bonde la Kilombero watatuelewa upesi. Mlinzi aliyepanda dunguni usiku wa kwanza huwafukuza nguruwe kwa nguvu zote. Akikaa miezi bila wa kumpokea, huwaona wakiingia shambani na mkono haunyanyuki. Ndivyo zilivyo seli T zinazokabili adui yuleyule miaka nenda miaka rudi. Juu yake huota vizuizi vinavyoziamuru zitulie. Zipo, zaweza kuhesabiwa, lakini haziui. Kwa sehemu mwili hufanya hivyo kwa kujihurumia, maana askari hao wakipigana bila kiasi wataliangamiza ini lenyewe. Vita hiyo isiyokwisha huacha makovu, na baada ya miaka 20 au 30 baadhi hupatwa na ini kusinyaa au saratani. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, nazo huvurugika kwa wagonjwa wengine, wakapata vipele miguuni, maumivu ya viungo au maradhi ya figo.

Muda huo wote mtu aweza kukata miwa pale Kidatu na kuimba kwaya Dominika asihisi lolote.

Sasa turudi kwa yule mchangiaji wa damu. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani nyayo za adui, na nyayo hubaki hata kwa aliyekwisha kupona. Kipimo cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe, ndicho hukata shauri. Hakipo katika kila zahanati, hivyo aombe rufaa. Kirusi kikikutwa, vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Seli T zilizochoka hupata nafuu, ingawa si zote hurudia ukali wake, na aliyepona aweza kuambukizwa tena.

Njia yake ni damu kwa damu: sindano iliyokwisha kutumika, wembe mmoja kuchanjia watu wengi chale, vifaa vya kutogea masikio, na mara nyingine mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kula pamoja, kikombe, kukumbatiana na kupeana mkono wa amani katika Misa haviambukizi.

Nasi mapadre tuseme wazi: Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa haumzuii mtu kwenda hospitali, na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatutaka tumheshimu tabibu. Pombe iachwe, kwani huharakisha makovu ya ini. Kabla ya vidonge daktari atapima pia homa ya ini B, kwa sababu kama ipo, yaweza kuamka pale C inapoondoka.