Mionzi imekwisha, lakini damu inaonekana: tufanye nini?



Sisi ni waagronomu, si waganga. Lakini mzee akiacha shamba kwa haya, jambo ni letu pia.

Wanaotibiwa kansa ya prostati kwa mionzi, kama Mulago kule Kampala ao Ocean Road kule Dar es Salaam, wanaweza kuona matatizo kisha miezi ao miaka: damu kwenye choo, mkojo wa mara kwa mara, nguvu za kiume kupungua. Si uchawi, na si lazima kansa imerudi. Mionzi iligusa kibofu na utumbo wa nyuma, majirani wa prostati.

Asipigwe bomba la mizizi kwa nyuma! Nyama ya ndani imekuwa dhaifu, inaweza kutoboka. Aende kituo cha afya na karatasi zake, amwambie muganga kuhusu mionzi mbele ya kuingizwa chombo chochote. Apunguze kahawa na pombe, lakini maji asiache. Damu nyingi ao mkojo kufunga: lopitali siku ileile.

Na tusimcheke. Kwenye salongo, tumpe kazi karibu na choo.