MTOTO ASIYEONA MBALI

Askari yeyote anakumbuka siku aliyoandikishwa kazini, aliposimamishwa mbele ya karatasi ya herufi, akaambiwa afunike jicho moja na kusoma kwa jicho la pili. Kipimo hicho hakikuwekwa bure. Mlinzi asiyemtambua mtu aliye mbali hulinda kwa kubahatisha, na mwenye bunduki asiyeliona lengo ni hatari hata kwa wenzake. Leo twapenda kuzungumzia chanzo cha udhaifu huo, kwani hauanzi siku ya kuandikishwa. Huanza utotoni, katika nyumba zetu na katika madarasa ya watoto wetu.

Mwaka 2010, katika mji wa Seoul, Korea ya Kusini, ambako vijana wa kiume hupaswa kulitumikia jeshi, walipimwa vijana 23,616 wenye umri wa miaka 19. Ilionekana kwamba asilimia 96.5 kati yao walikuwa na macho yasiyoona mbali. Hao hawakuwa wagonjwa waliokusanywa hospitalini. Walikuwa vijana wa kawaida wa mji mmoja. Nini basi kilichowasibu?

Ili kulielewa jambo hili, yafaa tujue jicho lifanyavyo kazi. Mwanga huingia kwa mbele, hupindwa na kioo cha jicho pamoja na lenzi iliyo ndani, kisha hukusanywa juu ya utando wa nyuma uitwao retina. Picha ikiangukia barabara juu ya utando huo, mtu huona sawasawa. Lakini jicho la mtoto hukua kama ukuavyo mwili wake, na likirefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, picha ya kitu cha mbali huangukia kabla ya kuufikia utando. Hapo mtoto huona ukungu. Milimita moja tu ya ziada yatosha kumfanya asisome ubao kutoka dawati la nyuma. Kibaya zaidi, jicho lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi.

Wako wasemao kwamba hayo ni ya kurithi. Ni kweli kwamba mtoto ambaye wazazi wake wote wawili hawaoni mbali yumo katika hatari kubwa zaidi. Lakini urithi peke yake haulielezi jambo hili. Huko Barrow, Alaska, utafiti uliochapishwa mwaka 1969 uliwachunguza Wainuiti waliokua kabla ya shule kuenea. Miongoni mwa watu wazima 131, wawili tu ndio waliokuwa na tatizo hili. Watoto na wajukuu wao, waliosomeshwa shuleni, zaidi ya nusu walikuwa nalo. Damu ya ukoo haibadiliki kwa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni maisha.

Je, kosa ni la kitabu? Kwa muda mrefu lawama zote zilitupiwa usomaji, na kwa hakika kukaza macho karibu kwa saa nyingi hakumwachi mtoto salama. Hata hivyo, mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya kuwalinganisha watoto wa asili ya Kichina wenye umri wa miaka 6 na 7 katika miji ya Sydney na Singapore. Huko Singapore, asilimia 29.1 hawakuona mbali. Huko Sydney ilikuwa asilimia 3.3 tu, ijapokuwa watoto wa Sydney ndio waliosoma vitabu vingi zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa hii: watoto wa Sydney walikaa nje ya nyumba karibu saa 14 kwa juma, na wenzao wa Singapore saa 3.

Wataalamu wengi wanaona kwamba siri imo katika mwanga wa mchana. Mwanga mkali huufanya utando wa jicho utoe kemikali iitwayo dopamini, ambayo huzuia jicho lisirefuke ovyo. Taa ya darasani, hata iwe nzuri namna gani, ni hafifu mara nyingi kuliko mwanga wa uwanjani. Mjini Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongeza kipindi cha dakika 40 nje ya darasa kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, watoto waliopata tatizo hili walikuwa asilimia 30.4, ilhali katika shule zisizoongeza kipindi hicho walikuwa asilimia 39.5.

Ndugu wasikilizaji, katika Afrika ya Mashariki tatizo hili bado ni dogo likilinganishwa na huko Asia. Lakini tusijidanganye. Miji yetu inapanuka, viwanja vya michezo vinajengwa maduka, na simu imekuwa yaya wa mtoto. Mtoto anayeamka gizani, akashinda darasani, akarudi kufungiwa chumbani na simu mkononi, yumo katika njia ile ile waliyoipita vijana wa Seoul.

Askari anayeishi na familia yake kambini ana hazina ambayo wengi mjini hawanayo, nayo ni uwanja. Na autumie. Mtoto mdogo apate angalau saa 2 za mchana nje kila siku, acheze, akimbie, hata kivulini, bila kulikodolea jua macho. Anaposoma, kitabu kisigusane na pua, na mara kwa mara ainue macho atazame mbali.

Na mtoto anayefinya macho, anayesogelea ubao au anayenakili hesabu kwa makosa asichapwe kwa uzembe kabla hajapimwa macho. Wangapi wameitwa wajinga, wakaacha shule, kumbe hawakuona tu! Akiandikiwa miwani, aivae. Miwani hailemazi jicho, na karoti haifupishi jicho lililorefuka. Tena udhaifu ukizidi sana, utando wa nyuma waweza kubanduka ukubwani, na upofu ukafuata.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa uwanjani, mchana, mtoto angali mdogo.