Tatizo Kwanza, Programu Baadaye (Sehemu ya 2): Butura Haiponi kwa Kujua Bei

Tuchukulie kijana wa Ntobeye, wilayani Ngara mkoani Kagera, aliyehitimu masomo ya kompyuta. Anataka kuwatengenezea wakulima wa kahawa programu ya simu ya kuonyesha bei, maana anaamini wanapunjwa kwa kutoijua. Akiwauliza kama wangeipenda, wataitikia kwa moyo mkunjufu: ni mtoto wa nyumbani, na kukubali hakugharimu kitu. Atarudi mjini akidhani amefanya utafiti. Hajafanya.

Angeuliza hivi: "Mzee, shikamoo. Kahawa ya msimu uliopita uliiuza lini, kwa nani, na fedha ulizifanyia nini?" Hapo ndipo butura hujitokeza. Mtu wa Kagera haelezwi butura ni nini: kahawa inauzwa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mlanguzi mwenye fedha mkononi. Imepigwa marufuku, viongozi wanaikemea kila msimu, nayo ipo. Muuzaji anajua fika kwamba anapunjika. Lakini sare na michango ya shule vinadaiwa Januari, mgonjwa hangoji mavuno, na mavuno ni katikati ya mwaka. Programu ya bei itamwonyesha tu ukubwa wa hasara yake.

Hasara hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ushahidi mzito kuliko yote. Anayekubali kupoteza sehemu kubwa ya mavuno ili apate fedha leo amethibitisha tatizo lake kuliko mikono mia iliyonyooshwa mkutanoni.

Hata wakubwa walianza na tatizo lisilo lenyewe. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza kuijaribu M-Pesa nchini Kenya, Thika ikiwemo, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu. Lengo lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo. Marejesho yakaleta usumbufu wa mahesabu upande wa Faulu, huku wateja wakiigeuzia huduma mambo yao: walitumiana fedha, na wengine waliziweka kabla ya safari ili wazitoe wakifika. Waliokuwa wakisimamia jaribio waliliona hilo. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani.

Kijana wetu basi aandike sentensi moja isiyo na neno "programu": mkulima wa kahawa hapa huishiwa fedha kati ya Januari na Mei, hivyo huuza mazao yangali mtini. Kisha, kwa ruhusa ya wanachama, akae na kikundi kimoja cha kuweka na kukopa (VICOBA) chenye wakulima wa kahawa, wafungue daftari la mikopo na kuhesabu waliokopa mwezi kwa mwezi, na kwa shida gani. Kama mikopo imetawanyika sawasawa mwaka mzima, sentensi imeanguka, aandike nyingine. Atakuwa amepoteza nauli ya bodaboda na mchana mmoja.