Filta Rahisi, Injini Ghali

Firq iko kusini kidogo tu ya Nizwa, nchini Oman, pale njia inayotoka Maskati inapogawanyika. Moja inaelekea Bahla na Ibri. Nyingine inashuka kupitia Adam na Haima mpaka Salalah, safari ya zaidi ya kilomita 800, na sehemu yake kubwa ni jangwa tupu. Msimu wa mvua wa khareef unapoingia mwishoni mwa Juni, familia hupakia vyombo na watoto kwenye Prado au Patrol na kushika njia hiyo kutafuta manyunyu ya Dhofar, jimbo la Salalah. Kabla ya kuondoka gari hupitishwa gereji kumwagwa oili, na hapo ndipo fundi anapouliza: aweke filta ya wakala, au hii ya rahisi?

Tofauti ya bei mara nyingi haizidi riyali mbili tatu. Wako wanaochukua ya rahisi bila kuitazama mara mbili, na wako wanaoamini kwamba chochote kisicho na nembo ya Toyota au Nissan ni sumu kwa injini. Pande zote mbili zinakosa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba bei peke yake haisemi kilichomo ndani ya kile kikopo cha bati.

Magari ya mwanzo hayakuwa na filta kabisa. Mwaka 1923, Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh walipata hataza ya chombo walichokiita Purolator, na huo ndio mwanzo wa filta ya oili ya gari. Hata hivyo Volkswagen Beetle iliyopozwa kwa hewa iliendelea kwa miongo mingi na wavu wa chuma tu chini ya injini, na wenye nayo walitakiwa kubadilisha oili kila baada ya muda mfupi. Kikopo kinachofungwa na kufunguliwa kwa kuzungushwa, tunachokijua leo, kililetwa na kampuni ya WIX mwaka 1954.

Ukikikata kikopo hicho kwa msumeno utakuta vitu vichache. Katikati kuna bomba lenye matundu, na kulizunguka kuna karatasi iliyokunjwakunjwa kama feni. Oili huingia kwa matundu madogo ya pembeni, hupenya karatasi, na kutoka safi kupitia tundu la kati lenye hesi. Karatasi ya kawaida hutengenezwa kwa nyuzi za mti. Zile za gharama huchanganywa na nyuzi za kioo au za plastiki, ambazo ni nyembamba zaidi na hubeba uchafu mwingi kabla ya kuziba. Filta duni huonekana hapa kwanza: mikunjo ni michache, imekaa ovyo, na gundi imevuja au haikushika pembeni. Gundi isiposhika, oili hupita ubavuni mwa karatasi badala ya kupita ndani yake. Ni kung'uto lililotoboka: tui linapita, na machicha nayo yanapita.

Kinachonaswa humo ni masizi, vipande vidogo vya chuma na vumbi, navyo hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Nafasi kati ya krenki na beringi zake inaweza kuwa nusu ya hapo au chini, kwa hiyo chembe inayotisha ni ile ambayo jicho haliioni. Mwaka 1988 wahandisi wa General Motors walitoa matokeo ya majaribio yaliyolinganisha filta za viwango tofauti. Ikilinganishwa na filta ya mikroni 40, ile ya mikroni 30 ilipunguza ulikaji wa injini kwa nusu, na ile ya mikroni 15 kwa asilimia 70. Hata hivyo boksi linalosema tu kwamba filta “inanasa mikroni 20” halijasema lolote. Inanasa ngapi kati ya mia? Watengenezaji wanaojiamini hutaja asilimia pamoja na mikroni, na kutaja kwamba wamepima kwa utaratibu wa ISO 4548-12.

Ndani ya kikopo kuna pia vali mbili, na wanunuzi wengi hawajapata kuzisikia. Ya kwanza ni ya dharura. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi, vali hii hufunguka na kuiacha oili ipite bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko injini kukauka. Ikiwa springi yake ni dhaifu hufunguka kila mara, na mwenye gari huendesha miezi bila kuchuja chochote huku akidhani ana filta. Ya pili ni raba inayozuia oili isirudi kwenye sampu injini inapozimwa. Raba ya nitrili ni rahisi kuitengeneza lakini hukakamaa kwa joto. Raba ya silikoni huvumilia muda mrefu zaidi.

Katika Toyota FJ Cruiser za mwanzo na Prado nyingi za kipindi hicho zenye injini ya V6 ya lita 4.0, filta imekaa juu ya injini, mdomo ukiangalia chini. Hapo raba hiyo ndiyo pekee inayoizuia oili isishuke yote usiku. Ikichoka, gari likiwashwa asubuhi husikika mgongano wa vyuma kwa sekunde kadhaa mpaka pampu ijaze tena. Mwenye gari la aina hii asibahatishe, hata kama jirani yake mwenye Corolla anatumia filta ya rahisi kwa miaka bila tatizo.

Mazingira ya Firq nayo yana neno lake. Kiangazi joto la bara la Oman huvuka nyuzi 45. Gari huachwa likiunguruma mbele ya duka ili kiyoyozi kisizimike, kilomita hazisogei lakini oili inachakaa. Wanaopanda Jebel Akhdar hupita kizuizi cha polisi cha Birkat al-Mawz, panaporuhusiwa magari yanayovuta kwa magurudumu manne tu, kisha huinuka mpaka uwanda wa Saiq, mita 2,000 hivi juu ya bahari, injini ikilia kwa gia ndogo njia nzima. Na vumbi ndilo adui mkubwa, maana mchanga ni mgumu kuliko madini laini ya beringi. Vumbi hilo huingia kwa njia ya hewa. Kwa hiyo anayenunua filta ya oili ya kifahari na kuiacha filta ya hewa imechakaa anafunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Tukirudi kwenye bei, kitu rahisi na kitu cha bandia si kimoja. Denso ilizaliwa ndani ya Toyota ikajitenga mwaka 1949, na hutengeneza filta zinazouzwa kwa jina la Toyota. Sakura hutengenezwa Indonesia na PT Selamat Sempurna, na Mann-Filter ni ya Wajerumani wa Mann+Hummel. Filta za namna hii zinaweza kupungua bei kuliko za wakala kwa sababu mnunuzi halipii nembo ya gari. Zina jina, zina namba, na kuna kiwanda cha kuulizwa likitokea la kutokea.

La kuogopwa ni boksi la bandia, tena hilo mara nyingi si rahisi hata kidogo: huuzwa karibu na bei ya asili ili mtu asishtuke. Dubai na Sharjah ni soko kubwa la vipuri vinavyosafirishwa tena kwenda nchi nyingine, na bidhaa zinazopita huko hufika Oman kwa barabara, na kwa meli hufika Mombasa na Dar es Salaam, mpaka maduka ya Kariakoo na ya Kirinyaga Road, Nairobi. Mwenye macho huanza na uchapaji wa boksi, kisha hulinganisha namba na ya filta kuukuu, hupima uzito mkononi, halafu huchungulia ndani aone kama raba ipo na inakaa sawasawa. Rangi isimdanganye, kwa sababu yeyote anaweza kutia raba rangi nyekundu. Na adai risiti yenye jina la duka. Oman ina Mamlaka ya Kulinda Watumiaji tangu mwaka 2011 na sheria yake ya mwaka 2014, lakini mlalamikaji asiye na risiti huenda mikono mitupu.

Kwa Corolla ya kwenda kazini Nizwa na kurudi, filta ya bei nafuu ya kiwanda kinachojulikana, ikibadilishwa kila kilomita 5,000 pamoja na oili, inaitunza injini vizuri kuliko filta ghali iliyosahauliwa mpaka 15,000. Kwa gari lililo bado kwenye dhamana, kwa dizeli yenye tabo, na kwa zile filta zilizopinduliwa, riyali mbili za ziada ni haki ya injini. Filta isiyo na jina wala namba haimfai mtu, hata akipewa bure.

Na hata iliyo bora huharibiwa na mkono wa haraka. Kosa linaloua injini nyingi ni raba ya filta ya zamani kubaki imenata kwenye injini, ya pili ikafungwa juu yake. Gari huondoka gereji bila kuvuja, kisha shinikizo likipanda barabarani raba huteleza na oili yote humwagika kwa dakika chache. Kwa hiyo mwenye gari na asione haya kusimama karibu na kusema, “Bwana fundi, nionyeshe raba ya zamani.” Raba mpya ipakwe oili kidogo, filta ikazwe kwa mkono na si kwa spana, injini iwashwe dakika moja au mbili, kisha fundi achungulie chini kwa tochi kabla gari halijaelekezwa Adam.