Msomi wa Saikolojia Apewe Kazi Penye Majonzi

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana wa mkoa wetu wa Kagera hupewa nasaha za kila namna kuhusu masomo ya kuchukua katika chuo kikuu. Kijana wa Omurushaka akitaja udaktari, uhandisi au sheria, wazazi hufurahi na majirani humpongeza. Akitaja saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, huulizwa mara moja: ukimaliza, utafanya kazi gani? Swali hilo ni la haki, wala hatulidharau. Mzazi aliyeuza kahawa na ndizi ili kumsomesha mtoto anayo haki ya kujua matunda ya jasho lake. Lakini tunaona kwamba anayeulizwa siye. Wa kujibu si kijana, bali ni wale wenye dhamana ya kupanga kazi za umma.

Omurushaka ni mji mdogo wa biashara wilayani Karagwe, penye njia panda: barabara moja hutoka Kyaka na Bukoba, nyingine huelekea Nkwenda na Murongo, katika wilaya ya Kyerwa, hadi mpaka wa Uganda. Kutoka hapo hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, na vyuo vikuu vingi viko mbali zaidi ya hapo. Katika hali hii Omurushaka haitofautiani sana na visiwa vyetu vya Bumbire na Goziba, au Ukerewe na Ukara ng'ambo ya ziwa. Bara na visiwani, mwanafunzi huisikia saikolojia kwa nadra, kwa kuwa haimo katika masomo aliyozoea sekondari. Wengi huikuta kwa mara ya kwanza katika vyuo vya ualimu, ambako walimu hujifunza jinsi mtoto anavyokua, anavyoelewa na anavyosahau.

Yafaa basi ieleweke somo lenyewe ni la namna gani. Saikolojia si uaguzi, wala si ufundi wa kusoma mawazo ya watu. Ni elimu ya utafiti, ambayo wanahistoria wake huhesabu umri wake tangu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani. Mwanafunzi hujifunza kumbukumbu na fahamu, makuzi ya mtoto, mwenendo wa mtu awapo katika kundi, na maradhi ya akili. Pamoja na hayo hujifunza takwimu na njia za utafiti, na hapo ndipo wengi waliodhani kuwa somo ni la maneno matupu hushtuka.

Shahada inapoitwa ya heshima, maana yake si pambo. Katika desturi ya Uingereza, shahada hiyo huonyesha kwamba mwanafunzi amelichimba somo lake kwa kina, na kwa kawaida amefanya utafiti wake mwenyewe na kuuandikia tasnifu. Katika Afrika Kusini, heshima ni mwaka mzima wa masomo baada ya shahada ya kwanza, na ndio mlango wa kuendea shahada ya uzamili. Ama katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, ubora wa msomi huonekana zaidi katika daraja alilofaulia. Kwa vyovyote, heshima hiyo hupatikana kwa kazi ya miaka, si kwa kubahatisha.

Wako wanaosema kwamba elimu hii ni ya Wazungu na haituhusu. Hatukubaliani nao. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawatembelea mama na watoto wao wachanga nyumbani kwao katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala. Aliangalia jinsi mtoto anavyomtambua mama yake, anavyolia anapoachwa, na anavyotulia mama anaporudi. Kutokana na familia 26 alizozitembelea aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1967, na leo hakuna mwanafunzi wa saikolojia duniani anayemaliza masomo bila kukutana na mawazo yaliyoanzia humo. Mizizi ya elimu hii basi imepita pia kando ya ziwa letu, katika migomba kama ile ya Karagwe. Itakuwa ajabu iwapo wajukuu wa mama wa namna ile watadhani kwamba somo hilo ni la wengine.

Na haja ya elimu hii kwetu si ya kutafuta kwa kurunzi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa huu na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera, na miaka iliyofuata ilituachia wajane na yatima wengi. Mwaka 1994 wilaya za Ngara na Karagwe zilipokea umati wa wakimbizi waliokimbia mauaji ya Rwanda. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaangamiza mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliua watu na kubomoa nyumba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani Bukoba, wakafa watu 19, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao wanayajua machungu haya tangu Spice Islander ilipozama mwezi Septemba 2011.

Katika kila msiba wa namna hiyo Serikali na wananchi walitoa majeneza, chakula na rambirambi. Hayo ni mema na ya lazima. Lakini tujiulize: nani alirudi baada ya mwaka mmoja kumwuliza mvuvi aliyevuta maiti kutoka majini kama anapata usingizi? Nani alimfuata mtoto wa kisiwani aliyempoteza mama, ambaye sasa anaogopa kupanda mtumbwi kwenda shule? Desturi ya matanga ni hazina yetu kubwa, kwa kuwa mfiwa haachwi peke yake. Hata hivyo matanga huanuliwa, wageni huondoka, na huzuni ya wengine hugeuka ugonjwa katika kimya kinachofuata.

Kwamba ugonjwa huo unatibika, si dhana. Majirani zetu wa Masaka na Rakai, Uganda, ambako UKIMWI ulileta maafa kama ya kwetu, wametuonyesha. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe waieleze huzuni yao kwa Kiganda, badala ya kuwaletea majina ya maradhi kutoka ng'ambo. Kisha katika vijiji 30 wakapima tiba ya mazungumzo katika vikundi, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16. Walioongoza vikundi walikuwa watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba baada ya tiba, waliobaki na ugonjwa wa huzuni kubwa walikuwa asilimia 6.5, hali katika vijiji ambavyo havikupata tiba hiyo walikuwa asilimia 54.7.

Mtu anaweza kusema: ikiwa watu wa kijijini waliweza, shahada ya nini? Jibu ni kwamba viongozi wale hawakujifunza wenyewe. Alikuwapo aliyebuni mafunzo, aliyewasimamia, aliyepima matokeo kwa haki, na aliyejua ni mgonjwa yupi apelekwe hospitali bila kukawia. Hiyo ndiyo kazi ya msomi. Msomi mmoja mahiri akiwekwa wilayani anaweza kuwaandaa walimu, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na maofisa wa ustawi wa jamii, ambao tayari wanaaminiwa na watu.

Nao wanafunzi hatuna budi kuwaambia ukweli. Shahada ya kwanza, hata ikiwa ya daraja la kwanza, haimfanyi mtu kuwa tabibu wa nafsi. Anayetaka kutibu lazima aendelee na shahada ya uzamili na mazoezi chini ya usimamizi, kama inavyofundishwa Muhimbili. Tena asijivunie vitabu vya kigeni huku hawezi kumwuliza bibi wa Kinyambo habari za moyo wake. Elimu ya nafsi isiyojua lugha ya mgonjwa ni kama dawa iliyofungiwa kabatini.

Kwa viongozi tunayo maombi matatu. Kwanza, ziwekwe nafasi za wanasaikolojia katika hospitali za wilaya, na wilaya zenye visiwa zisiwe za mwisho kufikiriwa. Wataalamu hawa ni wachache, na walio wengi wamo katika miji mikubwa. Pili, vyuo vikuu viwalete wanafunzi wao wa saikolojia kufanya mazoezi mahali kama Omurushaka na Bumbire. Watajifunza huko mambo yasiyomo katika vitabu vyao, na wengine watapenda kurudi. Tatu, mpango wa kukabili maafa utaje kwa jina nani atawahudumia wafiwa na waokoaji, na kwa muda gani, kabla maafa mengine hayajatokea.

Ziwa halitaacha kuwa na mawimbi, wala ardhi haituahidi kutulia. Lililo katika uwezo wetu ni kuwa tayari. Mzazi wa Omurushaka atakapomwuliza mwanawe kazi atakayofanya, tungependa mtoto aweze kumjibu kwa maneno machache: nitarudi hapa hapa, Baba, nafasi ipo na watu wananingoja.