Upotevu wa nguvu katika kompresa ya skrubu

Upotevu wa nguvu wa kimekanika katika kompresa ya skrubu ni ile sehemu ya nguvu ya mota inayoishia kwenye msuguano badala ya kukandamiza hewa. Nguvu hiyo hugeuka kuwa joto, na mwenye mtambo huilipia kwenye bili ya umeme bila kupata hewa yoyote.

Muundo

Kompresa hii ina rota 2 zenye umbo la skrubu, dume na jike, zinazozunguka ndani ya kasha moja. Alf Lysholm, mhandisi kutoka Uswidi, aliiendeleza katika miaka ya 1930. Katika aina inayopuliziwa mafuta, mafuta huingia ndani ya kasha wakati hewa inakandamizwa. Kazi yake ni kupoza hewa, kuziba uwazi mwembamba kati ya rota na kasha, na kulainisha rota. Kwa sababu hiyo rota dume huweza kuisukuma rota jike moja kwa moja.

Vyanzo vya upotevu

* Beringi: hubeba mzigo wa rota pamoja na msukumo wa hewa, ambao huzielekeza rota upande wa kuingizia hewa.
* Mafuta kwenye uwazi: ncha za rota huyaburuta mafuta dhidi ya ukuta wa kasha.
* Mguso wa rota: meno yake huteleza kidogo yanaposukumana.
* Sili ya shafti: husuguana na shafti inapotokea nje ya kasha.
* Gia au mkanda, iwapo mota haikuunganishwa moja kwa moja.

Kasi na mnato

Nguvu inayopotea kwa kuburuta mafuta hutegemea mnato na mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara 2, upotevu huo hukaribia mara 4, wakati hewa inayopatikana huongezeka takriban mara 2 tu. Hata hivyo, kasi ikiwa ndogo mno, sehemu kubwa zaidi ya hewa huvuja kurudi nyuma. Kwa hiyo kila kompresa ina kasi inayoifaa.

Mafuta baridi ni mazito na huongeza upotevu. Yakipata joto kupita kiasi huwa mepesi mno, utando unaotenganisha vyuma hukatika na beringi huharibika.

Ufanisi wa kimekanika

Ufanisi huu ni nguvu inayoifikia hewa ikigawanywa kwa nguvu inayoingia kwenye shafti. Kwa mfano, shafti ikipokea kilowati 50 na hewa ikipata 46, ufanisi ni asilimia 92. Kilowati 4 zimepotea.

Kupunguza upotevu

Mtumiaji anaweza kutumia mafuta yenye mnato uliopendekezwa na mtengenezaji, kuyabadilisha kwa wakati, kusafisha kipozamafuta na kuchunguza beringi zinazopiga kelele. Mtambo unaozunguka bila kutoa hewa hufaa uzimwe, kwani msuguano huendelea hata hewa isipohitajika.